Akiba Inayooza

Usiku wa Jumamosi, Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, liliwaka moto. Jengo lile la zege, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilikuwa limesimama kwa zaidi ya miaka arobaini chini ya paa lake la miavuli. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika, timu ya uchunguzi ikaundwa, na soko likafungwa, baadaye likakarabatiwa. Mtu aliyeunguliwa na mali katika ajali kama ile huanza hesabu ya hasara kwa swali gumu: mle ndani kulikuwa na nini hasa? Moto wa sokoni hauchagui. Unaramba mzigo, na daftari la mzigo huo liko kwenye droo ya meza hapohapo.

Madaftari mengi ya Kariakoo sasa yamehamia kwenye kompyuta. Droo imebadilika, meza haijabadilika.

Kisa kinachofuata ni cha mtu asiyekuwapo. Kimeshonwa kwa vipande vya mikasa inayojirudia kati ya Mtaa wa Msimbazi na Mtaa wa Lumumba, na mwenyewe tutamwita Mjomba, kama mpwa wake anavyomwita.

Mjomba aliuza vitenge kwa jumla kwenye fremu ya Mtaa wa Congo, na aliishi na familia yake ghorofa ya tatu, Mtaa wa Narung'ombe. Wateja wake wakubwa hawakuwa wa Dar es Salaam. Walikuwa Tunduma, Lubumbashi na Moroni. Wachache walilipa taslimu. Wengi aliwapa kwa mali kauli, chukua leo, lipa ukiuza. Katika biashara ya namna hiyo mtaji haukai stoo wala kwenye kasiki. Umo kwenye orodha ya nani anadaiwa nini na tangu lini.

Mpwa wake, kijana aliyesomea kompyuta, ndiye aliyemshawishi aachane na madaftari. Alinunua kompyuta ya mezani ya mtumba, akaifunga diski mbili za terabaiti mbili kila moja, akazipanga zinakiliane papo kwa papo, mpangilio ambao mafundi huuita reidi. Ikawa seva ya nyumbani. Humo zikaingia orodha ya madeni, picha za mzigo, hesabu za mwaka, video za harusi za ukoo, na rekodi ya sauti ya marehemu baba yake Mjomba akisimulia walivyohamia mjini kutoka Rufiji.

"Mjomba, hapa hata diski moja ikifa leo, nyingine inaendelea," kijana alimwambia siku ya kuiwasha.

"Na zikifa zote mbili?"

"Zote mbili siku moja? Labda uzipige nyundo. Lakini nimekuwekea na ya tatu, hii ya nje. Kila saa nane usiku inachukua bakapu yenyewe."

Ukifungua kabati la koridoni ungeona kila kitu kwa mara moja. Seva imelazwa ubavu kwenye rafu ya chini. Juu yake diski ya nje, nyeusi, saizi ya kitabu kidogo, ikiwaka taa ya buluu, waya wake mfupi umechomekwa muda wote. Pembeni ruta. Chini UPS, betri ya akiba iliyokuwa ikilia kila umeme ukikatika. Vyote vinne vilikula umeme kwenye ekstensheni moja ya matundu sita, na tundu la sita lilikuwa la friji. Kutoka diski ya kwanza hadi ya tatu hapakuzidi shubiri mbili.

Mwaka 2023 ukielekea kwisha, mgawo wa umeme uliwakuta. Nchi ilikuwa ikisubiri Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mtambo wake wa kwanza uliingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Wakati wa kusubiri, seva ya Narung'ombe ilizimika na kuwaka mara nyingi kwa siku. Betri ya UPS ikachoka hadi ikawa inalia tu, haishiki. Diski moja ikaanza kutoa dalili za kufa, na seva, kama ilivyofundishwa, ikatuma onyo kwa barua pepe. Anwani hiyo ilikuwa ya mpwa, na mpwa alikuwa amepata kazi Dodoma. Onyo likajipanga nyuma ya maonyo mengine ambayo hayakuwahi kufunguliwa.

Kisha kijana wa dukani alifuta folda ya wateja wa mikoani. Hakukusudia, alikuwa anapunguza vitu alivyodhani vimejirudia. Diski pacha nayo ikafuta sekunde hiyohiyo, maana kazi yake ni kufanana na mwenzake kwa kila jambo, likiwemo kosa. Ila diski ya nje ilikuwa na nakala ya usiku uliopita. Mpwa alielekeza kwa simu kutoka Dodoma, na kabla ya adhuhuri folda ilikuwa imerudi. Mjomba alifurahi, akamtumia mpwa hela ya soda, na kwa miezi mingi aliwasimulia majirani wa fremu jinsi mtambo wake usivyopoteza kitu.

Ushindi huo mdogo ndio uliomponza. Aliona kwamba nakala inafanya kazi. Hakuona kwamba imefanya kazi kwa sababu ajali ilikuwa ndogo kuliko kabati.

Kariakoo ya leo si mtaa wa nyumba za kupanga kama ule wa zamani. Ghorofa nyingi zilizojengwa kwa ajili ya watu sasa zinalaza mizigo. Mlango mmoja unatoka harufu ya pilau, unaofuata harufu ya viatu vipya vya plastiki. Jirani wa Mjomba alikuwa amehama na chumba chake kikageuzwa stoo, mabegi na ndala hadi darini, waya wa taa ukipita katikati ya maboksi. Usiku mmoja waya huo ulipiga shoti. Familia ya Mjomba ilishuka ngazi salama, watoto wamebebwa, mkewe ameshika pochi ya vyeti. Zimamoto walifika wakafanya kazi yao. Kulipopambazuka, ukuta wa koridoni ulikuwa mweusi na kabati lilikuwa majivu na misumari.

Diski tatu zilikuwa zimeungua pamoja.

Mjomba alizipeleka kwa fundi Mtaa wa Aggrey, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Fundi alifungua ile iliyokuwa na nafuu. Bodi ya kijani iliyo chini yake ilikuwa imeungua hadi chipu zimebanduka. Alipotoa kifuniko, sahani ile ambayo hung'aa kama kioo ilikuwa imefifia, na masizi yaliyochanganyika na maji yameganda juu yake. Aliigeuza kwenye mwanga mara mbili.

"Bosi wangu, kuna kampuni nje ya nchi zinajaribu vitu kama hivi, kwa hela ndefu, na hazikuahidi kitu. Mimi hapa nikikuchukulia hata elfu kumi nitakuwa nakuibia."

Ndipo Mjomba alipokumbuka Mbagala. Miaka ya mwanzo mpwa aliwahi kumpa mama yake diski moja aiweke, "kwa usalama tu." Dada yake Mjomba aliitoa kabatini ikiwa imeviringishwa ndani ya khanga, kavu, safi, haina hata mkwaruzo. Mjomba alitoka Mbagala ameishika mapajani. Fundi aliichomeka, ikaamka, na kwenye skrini kikatokea kisanduku kimoja: weka paswedi.

Mpwa alipigiwa simu palepale.

"Niliifunga, Mjomba, ikiibiwa mtu asisome madeni yako. Paswedi ilikuwa ndefu, imetengenezwa na programu. Niliihifadhi kwenye faili…" Akanyamaza kidogo. "Kwenye seva."

Mpwa aliikumbuka nusu. Walijaribu wiki nzima. Ufungaji mzuri wa siri haumjui mwenyewe wala mwizi. Asiye na neno kamili ni mgeni. Na hata wangefungua, ndani yake mlikuwa na orodha ya zamani, kabla wateja wengi wa sasa hawajafika.

Kilichorudi kilirudi kwa njia ambazo Mjomba hakuzipanga. Mashine za risiti za kielektroniki (EFD), zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, hutuma taarifa za mauzo Mamlaka ya Mapato (TRA), kwa hiyo mauzo yenye risiti yalikuwa na ushahidi nje ya jengo. Benki ilitoa taarifa ya akaunti, na mtandao wa simu ukatoa miamala ya pesa. Baadhi ya wateja walikuwa na picha za ankara kwenye WhatsApp. Mama wa Moroni alipiga mwenyewe, akataja deni lake hadi senti, akaahidi kulipa mzigo ukifika. Wa Tunduma alisema kwa upole, "Kaka, pole sana. Nitumie mchanganuo nilinganishe na wangu." Mchanganuo haukuwepo, na alijua haupo. Sauti ya baba haikuwa na nakala popote.

Sasa tuache kilio tutazame kosa, maana Mjomba hakuwa mzembe. Alitoa hela. Alikuwa na nakala nne, nyingi kuliko za maduka mengi makubwa. Kosa lake lilikuwa kwenye swali. Alijiuliza, "Je, nina nakala?" na jibu lilikuwa ndiyo. Swali la kujiuliza ni jingine: kesho asubuhi, jengo hili likiwa halipo na mpwa wangu hapatikani, nitarudi kazini kutokea wapi, kwa mkono wa nani, na baada ya saa ngapi? Anayeanza na swali la kwanza hununua diski. Anayeanza na la pili hupanga njia ya kurudi, kisha ndiyo ajue diski ngapi na zikae wapi.

Wala si ugonjwa wa Kariakoo peke yake. Mwaka huohuo lilipoungua soko letu, Machi 10, 2021, kituo cha seva cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, kiliungua usiku. Jengo la ghorofa tano likateketea. Wapo wateja waliogundua asubuhi kwamba nakala walizozitegemea zilikuwa kwenye eneo lilelile lililoungua. Septemba 26, 2025, betri za lithiamu ziliwasha moto katika kituo cha data cha serikali huko Daejeon, Korea Kusini. Hifadhi ya mafaili ya watumishi wa umma, terabaiti 858, ilipotea yote. Haikuwa na nakala kwingine, na sababu iliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Korea Kusini inatengeneza chipu ambazo dunia inahifadhia data. Ufundi haukuwapungukia. Walikwama palepale alipokwama Mjomba: mali ya aina moja, mahali pamoja, na matumaini kwamba pale hapaungui.

Basi tupange kurudi, hatua kwa hatua.

Kwanza, tenga kisichorudi. Kaa chini na karatasi, andika kila kilichomo kwenye seva, kisha mbele ya kila kimoja andika nani mwingine anacho. Mauzo ya EFD: TRA wanazo taarifa zake, ingawa wewe mwenyewe unatakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 kutunza kumbukumbu zako kwa miaka mitano, na zile risiti za karatasi ya joto hufifia kabla ya hapo. Sinema na miziki: zinapatikana tena. Madeni ya mali kauli: hakuna. Sauti ya mzee: hakuna. Vile ambavyo mbele yake umeandika "hakuna" ndivyo vya kulindwa kwanza, na mara nyingi utashangaa ni vidogo. Orodha ya madeni ya miaka mitano haijazi hata flashi ya bei ya chini kabisa. Watu huahirisha kuweka nakala kwa sababu ya uzito wa video za harusi, na madeni yanakufa yakisubiri harusi.

Pili, amua vipimo viwili. Cha kwanza: uko tayari kurudia kazi ya muda gani? Kama siku moja ya mali kauli ikipotea utaweza kuikumbuka kwa kichwa, nakala ya kila usiku inatosha. Kama dukani mnaandika deni jipya kila baada ya dakika chache, iwe kila saa. Cha pili: unaweza kukaa umefunga kwa muda gani? Picha za familia zinaweza kusubiri mwezi. Orodha ya madeni isiposomeka ndani ya siku mbili, habari imeshafika Tunduma. Vipimo hivi ndivyo vinavyoamua gharama, na vinatofautiana kwa kila kitu kilichomo. Hakuna haja ya kulinda sinema kwa bei ya madeni.

Tatu, kila ajali ina dawa yake. Diski pacha zinakinga kufa kwa diski moja, basi. Hazikingi mkono uliokosea, wala kirusi, wala moto. Mkono uliokosea unakingwa na nakala za tarehe za nyuma: za siku saba zilizopita, za wiki nne, za miezi kumi na miwili, ili folda iliyofutwa Januari na kugunduliwa Machi iwe bado ipo mahali. Kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia, kama kile cha WannaCry kilichosambaa duniani Mei 2017, hufunga chochote kilichochomekwa. Kinachokinga hapo ni diski iliyochomolewa. Ile taa ya buluu iliyowaka muda wote kabatini kwa Mjomba ilikuwa mlango ulioachwa wazi. Na moto, mafuriko, wizi au kuanguka kwa jengo vinakingwa na umbali peke yake.

Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, aliieneza kanuni rahisi ambayo mafundi wengi duniani wanaitumia: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Kwa Kariakoo neno la mwisho ndilo la kukazia. Nje ya jengo si ng'ambo ya barabara. Novemba 16, 2024, ghorofa moja la Kariakoo liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Uokoaji ulichukua siku kadhaa na ukaguzi wa majengo ya eneo zima ukaagizwa. Siku kama hizo hata jirani ambaye jengo lake limesimama anaweza kuzuiwa kuingia. Na usikimbie moto ukaangukia maji: bonde la Msimbazi liko jirani tu, na Jangwani inajulikana kwa mafuriko hata kituo cha mabasi ya mwendokasi kiliwahi kuzama. Peleka diski Kimara, peleka Chanika, ghorofani au mahali pa juu, kwa mtu anayejua ameshika nini.

Nne, chagua usafiri wa kila mzigo. Vilivyo vidogo na vya haraka, yaani madeni na hesabu, viende kwenye hifadhi ya mtandaoni kila saa, bando halitalia. Vilivyo vizito fanya hesabu kwanza. Gigabaiti 500 za picha na video, kwa laini inayopandisha megabiti tano kwa sekunde, ni zaidi ya siku tisa bila kupumzika, usiku na mchana, umeme usikatike. Mzigo huohuo, kwenye diski ndani ya begi, kwa treni ya SGR, unafika Morogoro kwa kama saa mbili. Nunua diski mbili za nje. Moja inakaa nyumbani, nyingine kwa shangazi. Kila mwisho wa mwezi zibadilishane. Ukienda kumsalimia nenda na moja rudi na nyingine, na salamu zitakuwa zimepata sababu ya pili.

Usitegemee mtandao peke yake pia. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa kusini, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizokosa intaneti au kuipata kwa kusuasua. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimika nchi nzima na haikurudi hadi baada ya siku kadhaa. Mwenye nakala mtandaoni tu, siku hizo, data yake ilikuwa salama na haifikiki. Diski ya Kimara haingoji intaneti.

Tano, ufunguo. Diski inayotoka nyumbani lazima ifungwe kwa neno la siri. Humo mna majina, namba za simu na madeni ya watu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, siri ya mteja si suala la adabu tu. Lakini neno la siri linalokaa ndani ya kitu linachokifungua ni ufunguo uliosahaulika ndani ya nyumba iliyopigwa komeo. Liandike kwa kalamu, kwenye karatasi mbili. Moja iwe kwa mke au mume wako pamoja na vyeti vya nyumbani, nyingine kwa ndugu mwingine asiyekaa na diski. Anayetunza diski ya mbali asiwe na neno, mwenye neno asiwe na diski hiyo. Wakikutana wawili ndipo mlango ufunguke. Kwenye karatasi hiyohiyo andika programu iliyotumika na hatua za kurudisha, kwa Kiswahili cha kawaida, ili fundi yeyote wa Aggrey aweze kuzifuata. Mpwa anaweza kuhamia Dodoma. Anaweza kuugua. Mpango unaokaa kwenye kichwa cha mtu mmoja nao hauna nakala.

Sita, umeme na maonyo. Seva ipate UPS yenye betri hai, na ipangwe kujizima yenyewe kabla betri haijakwisha. Kuzimwa ghafla mara nyingi ndiko kunakochakaza diski na kuvuruga mafaili. Friji itafutiwe tundu lake. Onyo la diski lisiende kwenye barua pepe ya mtu aliyehama. Liende kwenye simu ya mwenye mali, na mpango uwe kinyume cha mazoea: nakala ikifanikiwa ujumbe ufike, usipofika ndipo ushtuke. Ukimya usihesabiwe kuwa usalama.

Saba, na hapa ndipo wengi wanapoanguka hata wakitimiza yote yaliyotangulia: rudisha. Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa makosa hifadhidata ya seva iliyokuwa hai. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi na kunakili. Walipozigeukia, hakuna iliyofaa kwa wakati: nyingine zilikuwa zimeshindwa kimyakimya kwa muda bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliichukua kwa bahati saa sita kabla, kwa shughuli nyingine. Wale ni watu ambao kazi yao ni kuhifadhi kazi za watu. Wewe na kabati lako la koridoni mna sababu gani ya kujiamini zaidi?

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya mahindi waliipima kwa macho na kwa pua, wakajua. Ya diski inaoza bila harufu. Joto na chumvi ya hewa ya Dar es Salaam vinaila, miaka inaila, programu inabadilika, paswedi inasahaulika, na kwa nje inabaki nyeusi na safi ndani ya khanga yake. Njia pekee ya kujua kama imeoza ni kuila, yaani kuirudisha kwenye kompyuta nyingine, kufungua orodha, kuchagua mteja mmoja na kulinganisha deni lake na anachokijua yeye.

Kwa hiyo usianze kwa kununua chochote. Chagua Jumapili moja ya mwezi huu, fremu zikiwa zimefungwa. Zima seva, chomoa kila kilichomo kabatini, na ujifanye kwamba jengo halipo. Mwite mtu wa familia ambaye si fundi wala si wewe, mpe karatasi na nauli ya kwenda kuchukua diski, kisha mwambie akuletee orodha ya madeni kwenye skrini kabla ya adhuhuri. Usimsaidie. Andika kila alipokwama: diski haikuwepo, neno halikukubali, programu haikufunguka, tarehe ni ya mwaka jana. Akifaulu, rudia baada ya miezi mitatu. Akishindwa, umepoteza asubuhi moja ya Jumapili, na mkononi una orodha ya kazi ya kufanya kuanzia Jumatatu wakati wateja wako wote bado wanadaiwa kwa maandishi.